Nyangumi, Kasuku na Deni la Mwanadamu

Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, nyangumi wa nundu hutoka katika bahari baridi za Antaktika, wakapanda kaskazini hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki ili kuzaa na kulea watoto wao katika maji ya uvuguvugu. Nyangumi mmoja aliyekomaa aweza kufikia uzito wa tani 30. Mbali zaidi upande wa mashariki, katika kisiwa cha Morisi, yuko kasuku wa kijani mwenye uzito wa gramu zipatazo 180. Atakaye kuwasawazisha wawili hao katika mizani atahitaji kasuku zaidi ya 160,000, na idadi hiyo haipo duniani.

Tukiulizwa ni nani kati yao astahiliye zaidi huruma yetu, mioyo ya wengi huelekea kwa nyangumi. Ukubwa hutisha, na kitisho hukaribiana mno na heshima. Lakini kilo si kipimo cha haki. Yafaa tujiulize jambo jingine: viumbe hawa wanatudai nini?

Nyangumi anatudai tuache. Bahari yake ingalipo, na chakula chake kimo humo. Mwaka 1963 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku kuwawinda nyangumi wa nundu kusini mwa dunia. Kuacha ni neno jepesi kulitamka, ila lina mtihani wake, kwani katika bahari kuu hakuna akuonaye. Meli za Muungano wa Kisovieti ziliripoti kwamba kuanzia 1948 hadi 1973 ziliwaua nyangumi hao 2,710 tu katika bahari za kusini. Siri ilipofichuka miaka ya 1990, ilidhihirika kwamba waliouawa walizidi 48,000. Hata hivyo, mauaji yalipokoma kweli, nyangumi walianza kuongezeka tena, bila ya mtu kuwalisha chochote.

Hali ya kasuku wa Morisi ni nyingine kabisa. Msitu wake mkongwe ulifyekwa kwa ajili ya miwa na mashamba mengine. Na merikebu zikaleta panya na kima, wala mayai. Kufikia miaka ya 1980 walijulikana kasuku wapatao kumi tu. Lau watu wangesema wakati ule, "Basi, hatutamgusa tena," maneno yangekuwa mazuri na kasuku angekufa. Aliyebomoa ukuta wa jirani hajalipa deni kwa kuahidi kwamba hatabomoa mwingine. Ilibidi watu wapande juu ya miti kumtundikia masanduku ya kutagia, wawaangamize panya, wapeleke chakula msituni, na wayalee kwa mkono makinda ambayo yangekufa kiotani. Kazi hii haina ushujaa wa kusimuliwa. Ni ya leo na kesho, na mtihani wake ni uchovu.

(Nembo ya taifa la Morisi inamwonyesha dodo, ndege wa kisiwa hicho aliyetoweka katika karne ya 17. Twaamini kwamba heshima hiyo ni ya dhati, ingawa imefika wakati mheshimiwa mwenyewe hayupo.)

Wako wasemao kwamba kuacha tu ndiko wajibu, ama kutunza ni hisani, kwa sababu aliyeukata mti alikuwa babu, wala si mjukuu anayeshika ngazi leo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana hatupendi mtu aadhibiwe kwa kosa la mwingine. Lakini mjukuu hakurithi jina peke yake. Amerithi na shamba, na sukari ya shamba lile imo katika chai yake. Akubalipo faida, kwa haki ipi aikatae gharama?

Mwaka 2019 kasuku hao walikadiriwa kuwa karibu 750. Masanduku yao bado yalihitaji mtu wa kuyapandia na kuyakagua.