Pesa Ileile, Mifuko Miwili

Kila Juni nikikaa na waandishi wenzangu kusikiliza bajeti, huwa naisubiri sentensi moja: serikali, kama familia, haiwezi kutumia zaidi ya inachopata. Watu hutikisa vichwa kukubali. Inagusa, maana wengi wetu tumelelewa na mama aliyefunga noti kwenye ncha ya kanga.

Keynes alishaonyesha mwaka 1936 kwamba mfano huo una kasoro. Nikibana matumizi peke yangu, hiyo ni akiba. Tukibana wote kwa pamoja, muuza duka anakosa wateja, kiwanda kinapunguza watu, na mwisho hakuna hata wa kuweka akiba. Baada ya vita, Marekani na Ulaya Magharibi zikalichukua somo hilo, na kutumia kukawa karibu wajibu wa raia. Nunua friji, nunua gari, jirani apate kazi. Kusema kweli hoja hii inanisumbua kidogo. Kwenye vitabu vya hesabu, ubadhirifu na ukarimu vinaonekana kitu kimoja.

Ndiyo maana humrudia John Kenneth Galbraith na kitabu chake The Affluent Society cha 1958. Mle ndani kuna picha ambayo mwandishi yeyote wa riwaya angeionea wivu: familia iko ndani ya gari zuri lenye kiyoyozi, inapita mitaa michafu, inaenda kula chakula kilichofungashwa vizuri kando ya mto uliochafuliwa. Walicholipia wenyewe ni kizuri. Walichopaswa kulipia pamoja na wenzao ni kibovu.

Mtihani ukaja 1964. Johnson akatia saini punguzo la kodi lililoanzia kwa Kennedy: kiwango cha juu kikashuka kutoka asilimia 91 hadi 70, cha chini kutoka 20 hadi 14, na bajeti tayari ilikuwa na nakisi. Lengo lilikuwa watu wanunue, kampuni ziwekeze. Ikafanya kazi kweli, kwani kufikia 1966 ukosefu wa ajira ulikuwa chini ya asilimia 4. Galbraith, aliyekuwa balozi wa Kennedy kule India, hakuipenda njia hiyo. Yeye alitaka pesa hiyohiyo ipitie kwenye shule na huduma za miji.

Kwa pato la taifa, dola ya friji na dola ya mwalimu ni sawa tu. Kwa mtoto ambaye wazazi wake hawana kipato cha kukatwa kodi, si sawa hata kidogo.

Ila sipo upande wa Galbraith moja kwa moja. Anashuku kwamba mahitaji yetu mengi hupandwa na matangazo ya biashara. Sawa, kwa baadhi ya vitu. Lakini mama aliyefua kwa mikono miaka ishirini, siku anapopata mashine ya kufulia, nani amwambie kadanganywa na tangazo? Hapo huwa nakifunga kitabu. Kisha nakumbuka kwamba mashine ile inahitaji maji ya bomba, nakifungua tena.