Mpandisheni Mpiga Rithimu

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini Sinza. Ukumbi umefurika, pilau limeliwa, bendi ya kukodi imepanda jukwaani na magitaa matatu. Mimi nina maradhi yangu: nikisikia bendi ya watu walio hai badala ya muziki wa kuchomeka, siwezi kukaa mezani. Nikasogea hadi kwenye mitambo. Hapo ndipo nilipomwona fundi, kijana mtanashati, akiishusha sauti ya mpiga rithimu hadi chini kabisa. Kidole kimoja tu, basi, kazi ya mtu imefutika. Solo ikabaki inalia huko juu, besi inanguruma huku chini, katikati pakawa shimo. Wageni waliokuwa wanalisakata rumba wakaanza kuyumbayumba, hawajui mguu upi utangulie.

Nikamwinamia. "Mwanangu, huyo wa kati mbona umemnyamazisha?"

"Shikamoo mzee," akanijibu kwa adabu zote, macho kwenye mashine yake. "Yule anajazia tu."

Marahaba nikaitikia, lakini jibu lake halijanitoka mpaka leo. Na aliyenijia kichwani si mpigaji wa bendi ya Msondo wala ya Sikinde, ingawa hao nao wangestahili makala yao. Alinijia Eldon Shamblin, mtu wa Oklahoma aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 1998, ambaye sehemu kubwa ya umri wake aliipitisha akijazia tu.

Sisi tuliokulia kwenye redio za Jim Reeves na Don Williams tunadhani muziki wa makauboi ni wa kukaa kitako na kuhuzunika. Yupo ndugu yake ambaye huku kwetu hatukumfahamu sana, nao wanauita western swing. Ulizaliwa Texas miaka ya 1930, fidla za mashambani zilipokutana na jazi ya mjini. Ndani yake kuna gitaa la kulaza mapajani linaloteleza kwa kipande cha chuma, kuna piano, na kwenye bendi ya mpiga fidla Bob Wills kulikuwa na tarumbeta, saksofoni na hata ngoma, tangu alipomchukua mpiga ngoma Smokey Dacus mwaka 1935. Wills na bendi yake ya Texas Playboys waliweka makao Tulsa, Oklahoma, kwenye ukumbi wa Cain's, na mchana redio ya KVOO iliwarusha hewani. Usiku watu walicheza. Muziki huu si wa kusikilizwa umefumba macho, ni wa kuchakaza soli za viatu.

Shamblin aliingia kwa Wills mwaka 1937. Ukitaka kujua alichokuwa anafanya, usimtafute kwa sikio la kwanza, maana hutampata. Tafuta rekodi, isikilize mpaka uichoke fidla, uichoke sauti ya mwimbaji Tommy Duncan, uyachoke hata makelele ya Wills mwenyewe, ambaye hakuwa na subira ya kunyamaza wenzake wakipiga. Ukishavichoka vyote hivyo, chini yake utasikia kitu kinatembea.

Mkono wa kulia unashuka kwenye kila pigo, mapigo manne, hauna haraka. Mkono wa kushoto unabana kordi, kisha papo hapo unalegea bila kubanduka kwenye nyuzi, na sauti inakatika kabla haijatambaa. Ndiyo maana wapigaji wa namna hii hawapendi nyuzi zilizo wazi: uzi usioshikwa na kidole huwezi kuunyamazisha kwa kulegeza kidole. Kordi yenyewe mara nyingi ni noti tatu tu, zile za nyuzi nene, nyingine zote zimezibwa. Mtu mwingine akipewa G ataikalia G mpaka aambiwe aondoke. Shamblin haikalii. Noti yake ya chini inatoka G, inapita B, inafika C, inapanda nusu hatua, inatua D, na juu yake kordi zinageuka kila mapigo mawili, pengine kila pigo, wala huoni alipounga. Anafanya kazi ya ngoma, anamwonyesha mpiga besi njia, na anamtandikia mpiga solo mkeka wa kukalia, yote kwa mkono mmoja unaobana na kuachia. Raha ya swing ipo hapo, kwenye ule ufupi wa sauti. Ukiiacha noti ilie hadi mwisho, mguu wa mchezaji unakuwa mzito.

Msomaji wangu mmoja namsikia tayari akiguna: mzee, umekosa vya kwetu mpaka utuletee wimbo wa Wazungu wa Texas, tena wa enzi za ubaguzi? Swali lake ni la haki na sitalikwepa. Bob Wills, aliyezaliwa mwaka 1905, alikulia kwenye mashamba ya pamba, na bluzi aliipata kwa watu weusi aliochuma nao pamba hiyo. Mwenyewe alisimulia kwamba alipanda farasi mwendo wa maili hamsini kwenda kumsikia mwimbaji wa bluzi Bessie Smith. Halafu angalia mji aliotia nanga. Tulsa ndiko kule ambako mwaka 1921 kundi la Wazungu liliichoma moto Greenwood, mtaa wa weusi uliokuwa na maduka, makanisa na sinema zake. Wills alifika miaka kumi na mitatu baadaye akapiga muziki wenye bluzi hadi kwenye uboho, katika jimbo ambalo sheria ilikwisha kuwatenga weusi na weupe. Deni hilo halikulipwa, na mwaka 2011 Texas ilipoutangaza western swing kuwa muziki rasmi wa jimbo, sherehe ilikuwa nyepesi kuliko hesabu. Nasema hivyo na bado naupenda. Asiyeweza kupenda na kudai kwa wakati mmoja atabaki na nyimbo chache sana za kusikiliza, hata za kwetu.

Wapo wa upande mwingine, na hao ndio wanaoniudhi zaidi. Wanasema rithimu ni darasa la kwanza: kijana anawekwa pale akomae, akiiva anapewa solo, na akibaki hapo hadi mvi basi ujue kipaji hakikumtosha. Hao nawapeleka kwenye wimbo uitwao Twin Guitar Special wa mwaka 1941. Shamblin na Leon McAuliffe, mpiga lile gitaa la mapajani, wanakimbizana sambamba, sauti mbili zimeshikana mikono bila kukanyagana. Mtu mwenye vidole vile alikuwa na uwezo wa kudai solo usiku kucha. Wimbo ulipoisha alirudi kwenye mapigo yake manne. Mwaka uleule wa 1937 mpiga gitaa Freddie Green alijiunga na bendi ya jazi ya Count Basie, akapiga rithimu humo hadi alipofariki mwaka 1987, kwa gitaa lisilo na umeme katikati ya msitu wa tarumbeta na saksofoni. Nusu karne! Mwambieni huyo naye kwamba hakuiva.

"Sasa nani atalipa kiingilio akamsikilize mtu wa kordi?" Hakuna, nakubali. Lakini waliojaa Cain's hawakulipa kusikiliza, walilipa kucheza. Mwimbaji Milton Brown na Bob Wills wote wawili walianzia Fort Worth kwenye bendi iliyotangaza unga kwenye redio, na bosi wao wa unga, W. Lee O'Daniel, hakutaka wapige dansini. Brown aliondoka mwaka 1932, Wills mwaka uliofuata. (Bosi huyo baadaye akawa gavana wa Texas, unga una nguvu.) Wote wawili wakafuata sakafu ya dansi, na kwenye sakafu ya dansi anayelipwa kwanza, kama haki ingetendeka, ni yule ambaye mguu unamfuata.

Kwa hiyo ukinipelekea mtoto kwa mwalimu wa gitaa, na mwalimu akaanza kumfundisha solo, mtoto namrudisha nyumbani.

Leo Fender, mtengenezaji magitaa wa California, yeye hakuhitaji kuelezwa thamani ya mpiga rithimu. Mwaka 1954 alipotoa gitaa lake jipya la Stratocaster, alimpa Eldon Shamblin moja lililopakwa rangi ya dhahabu. Shamblin alilipokea akaendelea kupigia kordi zake, miaka na miaka, hata alipokuja kukaa kwenye bendi ya mwimbaji Merle Haggard.