Umbo la Seli na Jawabu la Nabii Musa a.s.

Firauni alipomwuliza Nabii Musa a.s. Mola wake ni nani, Musa hakumjibu kwa maneno mengi. Twasoma katika Kurani Tukufu, Sura Taha, aya ya 51, ya kwamba alimweleza kuwa Mola wake ndiye Aliyekipa kila kitu umbo lake, kisha Akakiongoza. Firauni hakuligusa jawabu hilo hata kidogo. Mara aligeuza mazungumzo, akaanza kuuliza habari za watu wa vizazi vilivyopita. Na hata leo wako wengi wafanyao kama yeye: wakionyeshwa umbo la kitu na kazi yake, hutafuta mlango wa kutokea.

Ndugu wasomaji, twalileta jawabu hili kwa sababu vijana wetu wasomao elimu ya viumbe hai mashuleni husikia maneno ya namna mbili. Baadhi ya watu huwaambia ya kuwa mwenye kujifunza habari za seli atapoteza imani, na afadhali akae mbali nazo. Wengine huwaambia ya kuwa, maadamu seli ya mchicha na seli ya mwanadamu zafanana sana, basi hakuna haja ya kumtaja Muumba. Kijana amesimama katikati, anavutwa huku na huku, na wako waliokwisha kuacha sala kwa ajili ya jambo hili. Wale wa kwanza wanaidhulumu dini, na wale wa pili wanaidhulumu sayansi. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alitufundisha ya kuwa Kurani ni neno la Mwenyezi Mungu na ulimwengu ni kitendo Chake, na haiwezekani neno Lake lipingane na kitendo Chake. Basi na tukitazame kitendo chenyewe.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha habari za mambo aliyoyaona kwa hadubini. Miongoni mwayo kilikuwa kipande chembamba cha gamba la mti litumikalo kufanyia vizibo vya chupa, nacho alikiona kimejaa vyumba vidogo vidogo mithili ya sega la nyuki. Alizoziona zilikuwa kuta tupu, kwani uhai uliokuwamo ulikwisha kutoka zamani. Mwaka 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alieleza ya kuwa mimea imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 mwenzake Theodor Schwann akasema ya kuwa wanyama nao ni vivyo hivyo. Seli zote hizo zina utando mwembamba unaozizunguka. Zina kiini ambamo maagizo ya urithi huhifadhiwa. Zina ute, na ndani ya ute huo mna vijumba viitwavyo mitokondria, ambamo chakula huunguzwa polepole kwa msaada wa oksijeni ili kutoa nguvu. Hata lugha ambayo kwayo maagizo ya urithi yameandikwa ni moja kwa muhogo na kwa mfalme. Mtu akiona nyumba mbili zenye msingi wa namna moja hasemi kwamba hazina fundi. Husema yamkini fundi wao ni mmoja.

Lakini zatofautiana pia, na katika tofauti hizo ndimo limo jawabu la Musa a.s.

Mama aliyenunua mchicha asubuhi, naye akauona umenyauka adhuhuri, huutia katika maji safi, na baada ya muda majani husimama tena. Sababu yake ni kwamba seli ya mmea, nje ya utando wake, ina ukuta mgumu wa selulosi, yaani kitu kile kile ambacho nyuzi za pamba zimefanywa kwacho. Na ndani yake mna mfuko mkubwa wa maji uitwao vakuoli, ambao katika seli iliyokomaa huweza kujaza hata sehemu tisa katika kumi za nafasi yote. Maji huingia, mfuko hutuna na kusukuma, ukuta nao hukataa. Kwa msukumano huo jani husimama bila ya kuwa na mfupa hata mmoja. Ukitaka kuona kinyume chake, tia chumvi katika kachumbari: chumvi huyavuta maji kutoka ndani ya seli, nayo matango hulegea, na bakuli hujaa maji ambayo hukuyatia wewe.

Seli ya mnyama haina ukuta huo. Chembe nyekundu ya damu ikitiwa katika maji matupu hufura mpaka ikapasuka. Kwa hiyo daktari hathubutu kumtundikia mgonjwa maji matupu mshipani; maji ya chumvi ya hospitali hutiwa gramu 9 hivi za chumvi katika kila lita moja, ili chembe za damu zisipasuke wala zisisinyae. Je, mnyama amepunjwa? La hasha! Mti umeamriwa kukaa mahali pake, na ukuta ni nguzo yake. Mnyama ameamriwa kwenda. Misuli ingewezaje kujikunja na kujinyoosha kama kila seli yake ingefungiwa katika sanduku? Na chembe nyeupe ya damu, ambayo hujipenyeza kati ya seli za kuta za mishipa ili kuwafikia vijidudu vya ugonjwa, ingepitaje?

Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Katika seli za jani mna vijumba vya kijani viitwavyo kloroplasti. Hivyo hupokea mwanga wa jua, na kwa nguvu yake huunganisha maji na hewa ya kaboni dayoksaidi zikawa sukari, na oksijeni ikatoka nje. Seli ya mwanadamu haina kijumba hata kimoja cha namna hiyo. Mwanadamu aliyefika mwezini mwaka 1969 hawezi kujitengenezea kwa mwili wake chembe moja ya sukari kutokana na mwanga na hewa. Yeye, na ng'ombe, na simba amlaye ng'ombe, wote ni maskini waliosimama mlangoni pa jani. Katika Sura Al-An'am, aya ya 100, Mwenyezi Mungu anataja maji yateremkayo kutoka juu, kisha mimea, kisha kitu cha kijani, na kutokana na hicho cha kijani ndipo punje zilizopangana. Hatusemi kwamba Kurani Tukufu ni kitabu cha baiolojia, na wale wanaolazimisha kila aya iwe hesabu ya maabara hawaitendei heshima. Twasema tu ya kuwa mpangilio huo haukukosea.

Wataalamu husema ya kuwa kloroplasti zina asili ya vijidudu vilivyoishi peke yao katika zama za kale sana, kisha vikaingia ndani ya seli kubwa vikakaa humo. Nao huonyesha kwamba zina maagizo yao wenyewe ya urithi mpaka leo. Jambo hili lisimtishe kijana wetu. Sura Nuh, aya ya 15, inasema wazi ya kuwa tumeumbwa kwa daraja mbalimbali. Kuitaja njia ambayo kitu kimepitia si kumkana aliyekiongoza, na Musa a.s. hakutaja umbo peke yake. Alitaja pia uongozi.

Profesa Abdus Salam, Mwislamu wa Jumuiya yetu, alipopokea tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alisimama katika karamu ya tuzo huko Stockholm akasoma aya za Sura Al-Mulk zimwitazo mtu kuurudisha utazamaji wake mara kwa mara, aone kama ataona kasoro katika uumbaji wa Rahmani. Basi na tuyarudishe macho yetu kwenye ile seli yetu isiyo na ukuta. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliona mjini London ya kuwa ukungu fulani huua vijidudu, na dawa iliyotoka humo ndiyo penisilini. Bakteria si mimea wala wanyama, lakini nao wana ukuta, wa namna yao wenyewe, na penisilini huwazuia kuujenga, hata wakapasuka. Isipokuwa kwa wale ambao miili yao huikataa, dawa hiyo husambaa mwilini mwa mgonjwa ikitafuta ukuta wa kuuharibu, na katika seli zake hakuna.