Nyumba Nzuri Zisizo na Upenu

Desemba 2007, viwanja vitupu vya mtaa wa Lower Ninth Ward, mjini New Orleans, vilijaa vibanda 150 vya kitambaa cha rangi ya waridi. Usiku viliwashwa taa, vikaonekana kutoka mbali. Kila kibanda kilisimama badala ya nyumba moja ambayo mwigizaji Brad Pitt na taasisi yake, Make It Right, waliahidi kuijenga. Wapiga picha walimiminika, na michango nayo ikamiminika.

Viwanja hivyo havikuwa vitupu tangu zamani. Asubuhi ya tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya Louisiana, ukuta wa mfereji wa Industrial Canal ulipasuka. Maji yaliingia kwa kishindo, yakang'oa nyumba kwenye misingi yake, na tishari zima likapita palipobomoka likatua juu ya makazi ya watu. Karibu asilimia 80 ya jiji ilifunikwa na maji. Lower Ninth Ward ulikuwa mtaa wa Wamarekani weusi, na wageni wengi walioufikiria kuwa mtaa wa mafukara wasio na kitu hawakujua kwamba wengi wa wakazi wake walikuwa wenye nyumba, si wapangaji. Walirithi kwa babu na bibi, mara nyingi hati ikiwa bado ina jina la marehemu. Msomaji wa kwetu anaijua vizuri hali hiyo.

Hati hizo ziliwaponza. Mpango wa serikali wa kuwalipa wenye nyumba, ulioitwa Road Home, ulitaka uthibitisho wa umiliki, na hata aliyekuwa nao angeweza kupimiwa fidia kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga badala ya gharama ya kuijenga upya. Katika mitaa ya weusi nyumba zilithaminiwa kwa bei ya chini, lakini mbao, misumari na fundi havina bei ya weusi. Wengi hawakuweza kurudi.

Waliokuja kwa wingi ni watalii. Kampuni za matembezi ziliuza tiketi za kwenda kutazama magofu, watu wakapiga picha kupitia madirisha ya basi huku mwenye nyumba akitoa uchafu wa tope sebuleni kwake. Mwaka 2006 halmashauri ya jiji ilipiga marufuku mabasi hayo kuvuka mfereji, lakini yaliendelea kuvuka kwa miaka kadhaa. Sisemi mtu asiende kutazama palipopatwa na maafa. Nalaumu ile safari ambayo fedha yote inabaki kwa mwenye basi, na mwenye msiba hasalimiwi.

Pitt hakuwa wa namna hiyo. Alishuka garini, akakutana na wakazi, akatoa dola milioni 5, akawaita wasanifu majengo mashuhuri duniani: Frank Gehry, Shigeru Ban, na David Adjaye, aliyezaliwa Dar es Salaam. Moyo wake siutilii shaka, na hapo ndipo funzo linapouma. Tungekuwa tunasimulia habari za tapeli, kila mmoja wetu angejitoa humo haraka.

New Orleans hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi kuliko ya Dar es Salaam, pamoja na joto, unyevu na mchwa. Mafundi wa kale wa huko walijifunza kuishi nayo: nyumba iinuliwe juu ya nguzo, paa liwe na mteremko mkali, upenu utoke nje ya kutosha, na mbele kuwe na baraza lililoezekwa. Baadhi ya nyumba mpya zilikuja na mapaa bapa au yenye mteremko mdogo, upenu mfupi, bila mifereji ya kutosha ya kukinga maji. Ngazi na mabaraza ya nje yalijengwa kwa mbao za aina mpya zilizosifiwa kuwa hazina sumu. Zilioza baada ya miaka michache tu.

Ni muhimu kujua kwamba nyumba hizo hazikugawiwa bure. Zilijengwa 109, zikauzwa kwa takriban dola 150,000 kila moja, na wanunuzi, wengi wao wahanga wa Katrina, wakachukua mikopo. Mapaa yakavuja, ukungu ukapanda kutani, umeme ukasumbua. Ujenzi ulikuwa umesimama na ofisi imenyamaza ilipofika 2018, wakazi walipokwenda mahakamani; mwaka huohuo nyumba moja, iliyooza kiasi cha kutofaa, ilibomolewa. Mwaka 2022 yalitangazwa maafikiano ya dola milioni 20.5, lakini shirika jingine lililojitolea kuzilipa halikuzitoa. Aliyejaribu aliondoka; aliyejaribiwa alibaki na deni la benki juu ya mbao zilizooza.

Wakazi waliitwa mikutanoni, waliulizwa wanapenda nini. Lakini kupenda ni jambo moja, na kujua paa gani linastahimili mvua za Louisiana ni kazi ya fundi aliyezeeka akiezua na kuezeka nyumba za huko. Majaribio ya ujenzi yafanywe kwenye nyumba ya mwenye uwezo wa kujenga nyingine, yakishindikana aipate hasara yeye. Aliyekwisha kupoteza kila kitu apewe kilichothibitishwa.

Katika mtaa huohuo, Ronald Lewis, mstaafu wa kazi za reli za tramu, alikuwa na makumbusho madogo nyuma ya nyumba yake, yenye mavazi ya manyoya na shanga ya sherehe za Mardi Gras. Maji yaliyaharibu, yakajengwa upya kwa msaada wa wanafunzi wa usanifu majengo. Hadi alipofariki mwaka 2020, wageni walifika kwake, akawaeleza mwenyewe historia ya mtaa wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: pale mwenyeji ndiye aliyekuwa mwalimu.

Nawe msomaji, ukialikwa katika msafara wa kwenda kwa waliopigwa na kimbunga, iwe Beira, iwe Ibo, huko Msumbiji, uliza kabla hujapanda gari: ni nani, kwa jina lake, atakayerudi mvua za mwakani kukagua mapaa? Wasipomtaja, mchango wako mpelekee fundi anayeishi hukohuko.