Dada wa Kisheria

Wengi wetu tunalihukumu haraka neno la Kiingereza "sister-in-law". Dada wa kisheria! Tunalisikia baridi, kana kwamba Mwingereza alihitaji hakimu amwambie nani ni ndugu yake. Sisi tuna mkwe, shemeji na wifi; huku pwani tuna mavyaa, mwamu na mkaza mwana, na wanaume waliooa ndugu huitana mwanyumba. Wao wana sheria tu, jina baada ya jina.

Hawakuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha kale kilimwita mama mkwe "sweger", mkaza mwana "snoru", na kaka wa mume alikuwa "tacor". Majina hayo yalikufa, na badala yake yakaja haya ya kisheria. Sheria yenyewe ilikuwa ya Kanisa: orodha ya watu ambao huruhusiwi kufunga nao ndoa. Kanisa lilifundisha kwamba mume na mke wakiwa mwili mmoja, ndugu wa huyu ni ndugu wa yule. Dada wa mkeo ni dada yako, na mkeo akifa anabaki dada yako. Mwaka 1563 Askofu Mkuu Matthew Parker alitoa jedwali la ndugu hao walioharamishwa, nalo likawa likitundikwa makanisani ili kila mwenye macho alione.

Kwa hiyo neno tunaloliona la kutenga lilizaliwa kwa nia ya kuunganisha. Lilisema: huyu si damu yako, lakini mchukulie kama damu.

Nguvu ya fundisho hilo ilionekana zaidi pale kifo kilipoingia nyumbani. Katika Uingereza ya karne ya 19 wanawake wengi walifariki wakijifungua, na mara nyingi aliyekuja kulea mayatima alikuwa dada wa marehemu. Miaka ikipita, baadhi ya wajane wa kiume na mashemeji zao walipendana. Lakini sheria ya mwaka 1835 ilikuwa imezifanya ndoa mpya za namna hiyo kuwa batili kabisa. Mchoraji William Holman Hunt alifiwa na mkewe Fanny huko Florence mwaka 1866, akabaki na mtoto mchanga. Mwaka 1875 alimwoa Edith, mdogo wake Fanny, na ilibidi wakafungie ndoa Uswisi. Mwanyumba wake, mchongaji Thomas Woolner, aliyekuwa amemwoa dada yao mwingine, alivunja urafiki naye.

Bungeni mjadala ulianza mwaka 1842 na haukuisha hadi 1907, ndipo mwanamume akaruhusiwa kumwoa dada wa mke aliyefariki. Mjane wa kaka alisubiri hadi 1921, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuacha wajane tele.

Hoja za wapinzani wa mabadiliko ndizo zinazonifanya nitafakari. Walisema shemeji anaweza kukaa katika nyumba ya mfiwa, akawalea watoto bila mtu kumnyooshea kidole, kwa sababu tu kila mtu anajua hawezi kuwa mke. Mwambieni kwamba anaweza, na heshima yake itamlazimu kufungasha. Waliotaka mabadiliko nao waliuliza: mama gani wa kambo atawapenda watoto hawa kuliko mama yao mdogo? Naamini walioshinda walikuwa na haki. Hakuna sababu ya kumfungia mtu mlango wa ndoa kwa ajili ya marehemu. Lakini wale walioshindwa walishikilia jambo ambalo silitaki lipotee, kwamba undugu wa ndoa hauzikwi pamoja na aliyeuleta.

Uislamu nao unalo jambo hilo kwa namna yake. Dada wa mke haolewi wakati ndoa ingalipo, ila baada ya kifo yuko huru. Mama mkwe, kwa mujibu wa Surat An-Nisaa aya ya 23, ni haramu ya milele: binti yake afe au aachwe, yeye hubaki mama.

Nauliza kuhusu kwetu, kwa uchungu. Majina yetu ni matamu, lakini nimeona shemeji aliyekuwa akiingia jikoni bila hodi akirudi baada ya arobaini kuuliza hati ya kiwanja iko wapi. Tanganyika, kabla haijawa Tanzania, iliandika mambo hayo katika tamko la sheria za mila la mwaka 1963: mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na sehemu yake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili, washonaji nguo, waliotolewa katika nyumba zao na upande wa waume, walilipeleka suala hilo hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa.

Baba yangu mdogo alipofariki, wanaume wa ukoo walikutana Muheza kugawa shamba lake la michungwa. Bibi, mama wa marehemu, alikaa nao ukumbini. Alisema amefiwa na mwana, hajafiwa na mkaza mwana, na anayetaka chungwa katika shamba lile akaombe kwa mwenyewe. Mmoja wao akajibu kwamba yule mwanamke bado kijana na ataolewa kwingine. "Aolewe," Bibi akasema, "na huyo mume nitamwita mwanangu."

Aliolewa kweli, na wanawe wote wamesoma kwa fedha za michungwa ile.