Sato Anayenijua

Huenda ukanicheka. Mimi mtoto wa Mwanza, niliyesomeshwa kwa fedha ya samaki hadi kidato cha nne, nina sato mmoja ambaye siwezi kumla abadani.

Sato huyo yumo kwenye tangi la kioo, katika saluni ya rafiki yangu hapa Kirumba. Alimleta angali mdogo sawa na kidole. Sasa ni jitu, na tangi zima ni lake, maana kila mwenzake aliyetiwa humo alimng'ata mapezi mpaka akatolewa. Nikiingia mlangoni anakuja mbio kwenye kioo, anafuata kidole changu huku na huku. Akikaribia mteja mgeni, anajibanza nyuma ya jiwe. Rafiki yangu anasema ni njaa tu, kwa kuwa mimi ndiye ninayemletea makombo ya mkate. Sawa. Lakini hata mtoto mchanga humjua mama kwa kunyonya, na hatusemi kuwa hampendi.

Tena hizi si ndoto za mshairi. Sato ni wa ukoo mmoja na furu. Jike lake hutamia mayai mdomoni, na vifaranga wakiona hatari hukimbilia humo humo. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba samaki mdogo wa ukoo huo, wa Ziwa Tanganyika, humtambua jirani yake kwa sura.

Jumapili moja nikamsimulia mama, ambaye huuza samaki mwaloni. Aliendelea kupaa magamba, kisha akasema: "Mwanangu, wa kwenye kioo unamwonea huruma kwa sababu unamjua. Na hawa je? Si ndio waliokulipia ada?"

Nikanyamaza. Ikiwa thamani ya kiumbe ni kule kunijua mimi, basi huruma yangu ni ubinafsi uliovaa kanzu. Na ikiwa thamani yake ni yake mwenyewe, basi kila beseni la mwaloni lina kesi, na mama yangu ni mshitakiwa wa kwanza. Nitamhukumu vipi, nami nimeshiba?

Hebu tuwakumbuke furu. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza wengi, na maji machafu yakasaidia. Wataalamu hukadiria kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Nani alilia? Furu walikuwa wengi mno, na hakuna aliyemjua hata mmoja kwa sura. Leo baadhi ya aina adimu hutunzwa kwenye matangi ya kioo Ulaya na Marekani, mbali na ziwa lao.

Nilitaka tumrudishe sato wetu ziwani. Rafiki yangu akacheka: "Hata jioni haifiki, yuko kwenye kokoro." Kweli. Kioo kinamfunga, na kioo hicho hicho kinamlinda.

Basi nimefikia hapa: kumjua mmoja si mwisho wa huruma, ni mlango wake. Anayempenda sato wa kioo halafu akanyamazia kokoro linalozoa vifaranga, hajaingia ndani bado.

Samaki wa mama naendelea kuwala. Ila siku hizi, kabla ya kumega, namtazama kwanza usoni.