Dawa kwa Mtoto Anayeonekana Mzima

Mtoto anayetafuna kipande kimoja cha nyama mpaka wenzake wamenawa, anayesindikiza kila tonge kwa maji, aghalabu huambiwa anadeka. Kumbe pengine umio wake umevimba. Mzio wa chakula, mara nyingi maziwa, ngano au mayai, umejaza humo chembe za kinga ziitwazo eosinofili, na kumeza kumekuwa kazi. Ugonjwa huu ulianza kutambuliwa kama ugonjwa wa peke yake katika miaka ya 1990, kwa hiyo wazazi wengi hulisikia jina lake siku wanapoambiwa mtoto wao anao. Siku hiyohiyo wanasikia na neno steroidi, yaani dawa ya kushusha uvimbe huo, nao huogopa.

Woga wao siudharau. Tumezoea dozi yenye mwisho. Dawa hii ukiisimamisha, kwa wengi uvimbe hurudi. Na uvimbe ukipuuzwa kwa miaka, umio hufanya kovu na kubana, hadi siku tonge linakwama na kutolewa hospitali.

Steroidi inayotumika sana ni budesonidi, ileile ya wenye pumu. Kule San Diego, Marekani, Ranjan Dohil na wenzake waliichanganya na unga mtamu wa sukralosi hadi ikawa nzito kama uji, ishuke taratibu ikipaka kuta za umio. Jaribio lao kwa watoto, lililochapishwa mwaka 2010, lilionyesha kwamba uvimbe unashuka kweli. Sehemu kubwa ya kinachomezwa huvunjwa na ini, lakini kinachobaki hakipuuzwi: fangasi wa mdomoni huweza kutokea, na kwa baadhi ya watoto tezi za adrenali huzembea kutengeneza homoni zake. Ndiyo maana, kwa kuhofia pia ukuaji kuzorota, urefu wa mtoto hupimwa kila anapohudhuria kliniki, na daktari hutafuta kiasi kidogo kabisa kinachotosha.

Ugumu hasa huja mtoto akishapona machoni pa watu. Anakula, anacheza, na bado kila usiku anaitwa anywe dawa, kisha asile wala kunywa kitu kwa nusu saa. Anauliza kwa nini, naye ana haki ya kuuliza. Dalili zinaweza kutulia uvimbe ukiwa palepale. Ukweli hujulikana kwa kamera inayoshushwa kwenye umio na vinyama vinavyokatwa kwenda kupimwa, mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Mzazi anaamua, basi, kwa niaba ya mtu mzima ambaye bado hajafika. Naamini anayo haki hiyo. Lakini ni amana, na mwenye mali yuko pale mezani, anasikia.

Kwa hiyo aambiwe. Mtoto wa miaka saba anaweza kuelewa kwamba koo la ndani lina kidonda kisichouma. Wa miaka kumi na mbili anaweza kuulizwa: uache maziwa na mkate, hata keki ya sherehe shuleni, au uendelee na dawa? Iko pia sindano ya dupilumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2024 hata kwa watoto wadogo wenye kilo 15 na zaidi, ila bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi. Mtoto akichagua kuacha vyakula hivyo badala ya kutumia dawa, na daktari akiona inawezekana, ajaribiwe hivyo, kisha kamera irudiwe na majibu asomewe yeye mwenyewe.